Naomba ushauri: neno "volatile" tulitafsirije?

Ndugu zangu, ninawasalimu kutoka Goma, ambako ninatafsiri maandishi ya Kiingereza kwa ajili ya vikundi vya wakulima, na kuna neno moja linalonisumbua kwelikweli: volatile. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuruka, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa hupotoka haraka, kwa sababu huko nomino inayoandikwa vivyo hivyo ni ndege, hasa wa kufugwa kama kuku.

Kwa wanakemia ni kitu kinachogeuka mvuke upesi, kama petroli, na hapo sina tatizo. Shida ni kwamba matini yangu inasema bei ya maharagwe ni volatile, kisha, aya mbili mbele, inasema hali ya usalama nayo ni volatile. Bei nimeiita "isiyotabirika". Kwa usalama, wengi huandika "hali tete", lakini tete kwangu ni kitu laini, kinachovunjika upesi, ilhali Kiingereza kinaonya kwamba mambo yanaweza kulipuka ghafla, na msomaji wa hapa, anayeamua kama asafiri kesho au abaki nyumbani, anastahili neno lisilompunguzia onyo hilo. "Kigeugeu" nimelikataa, maana humlaumu mtu kwa tabia yake.

Je, inafaa kutumia maneno mawili tofauti katika matini moja, au lipo neno linalobeba maana zote mbili? Ninyi mnaotafsiri habari za usalama, mngeandikaje?