MREJESHO: Asili ya jina la ukoo Esposito

Wadau, niliuliza hapa kwa nini watu wengi wa Napoli, akiwemo shemeji yangu, wanaitwa Esposito ilhali hawana undugu wowote. Asanteni mlionielekeza kwenye habari za watoto wa kuokotwa. Jibu lilikuwa huko huko.

Napoli kuna kanisa la Santissima Annunziata, lililokuwa na nyumba ya kulelea watoto. Ukutani palikuwa na ruota, pipa la mbao linalozunguka: mama anamweka mtoto upande wa barabarani, analizungusha, mlezi wa zamu anampokea ndani bila wao kuonana. Mtoto huyo akaandikwa esposito, yaani aliyeachwa nje. Kwa hiyo ukoo huu hauna babu mmoja, na yule aliyesema ni wa kabaila fulani alitutania.

Murat, shemeji yake Napoleon aliyetawala Napoli 1808 hadi 1815, alipiga marufuku watoto kupewa jina hilo kwa ajili ya aibu iliyolifuata. Ruota yenyewe ilifungwa 1875.

Miji mingine ilikuwa na majina yake ya watoto wa kuokotwa. Firenze ni Innocenti, kutokana na kituo kilichoanza kupokea watoto 1445. Milano ni Colombo, kwa sababu ya njiwa (colombo) kwenye nembo ya hospitali iliyowapokea, ingawa si kila Colombo ametokea huko, msikimbilie kuhukumu.

Shemeji amecheka tu. Sasa anataka tupekue vitabu vya vizazi vya serikali, vilivyoanza Napoli 1809. Mwenye uzoefu wa kusoma mwandiko wa zamani wa Kiitaliano anicheki PM.