Kondoo wanatafuna mifupa kiangazi hiki na chumvi wanayo

MamaWaChikundi
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za kazi. Niko Chikundi, Masasi. Nina kondoo 31, wanachungwa chini ya mikorosho na kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Tangu nyasi zikauke wameanza kung'ang'ania mifupa. Jana jike mwenye mimba alikuwa na mfupa wa ng'ombe mdomoni anautafuna kama muwa, nikimnyang'anya anaufuata. Wengine wanalamba ukuta wa udongo na kula kamba. Chumvi ya mawe ipo bandani muda wote. Majike wawili wanaonyonyesha wanatembea kwa kukakamaa, matumbo yamejaa lakini migongo imebaki mifupa. Jirani mmoja anasema nisage mifupa nichanganye kwenye pumba. Mwingine anasema mbolea ya Minjingu ina fosforasi, niitie kidogo kwenye chumvi. Nifuate lipi?

Mfugaji_Ruangwa
Minyoo hiyo dada. Wape dawa kwanza, halafu tuone.

MstaafuMifugo_Nachingwea
Marahaba binti yangu. Unachokieleza ni upungufu wa fosforasi, na huku kusini unajitokeza hasa miezi ya mwisho ya kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Chumvi haiwezi kuuondoa kwa sababu chumvi ni sodiamu na klorini. Fosforasi haimo.

Tazama hesabu. Jike wa kilo 35 aliyekaribia kuzaa anahitaji fosforasi gramu 3 hivi kwa siku, na akinyonyesha anahitaji zaidi. Nyasi zilizokaukia shambani mara nyingi hazifikishi gramu 1 katika kilo nzima, na jike huyo kwa siku anakula kilo moja na kidogo tu. Kinachopungua anakichukua kwenye mifupa yake mwenyewe, kwa kuwa asilimia 80 hivi ya fosforasi ya mwili imehifadhiwa mifupani na menoni. Ndiyo maana wanaonyonyesha wanaanza wao kukakamaa.

Kitu kinachowachanganya wafugaji wengi ni kwamba dalili huchelewa. Kondoo anameza mate lita 6 hadi 16 kwa siku, na mate hayo yana fosforasi nyingi iliyotoka kwenye damu. Vijidudu vya tumbo kubwa vinaitumia kusaga majani, halafu utumbo mdogo unaifyonza irudi kwenye damu. Inayopotea hutoka zaidi kwenye kinyesi, kwenye mkojo ni kidogo sana. Kwa mzunguko huo mnyama anavumilia miezi. Akiba ikishuka, vijidudu navyo vinadhoofika, majani hayasagiki, hamu ya kula inapungua. Hilo ndilo tumbo lililojaa juu ya mgongo uliokonda.

Mifupa ya kuokota iondoe leo hii, tafadhali. Mfupa wenye mabaki ya mzoga unaweza kuwa na sumu ya botulizimu, na mnyama akipooza kwa sumu hiyo ni nadra kupona. Afrika Kusini, karne iliyopita, Arnold Theiler na wenzake walionyesha mnyororo huo kwa ng'ombe: malisho hayana fosforasi, ng'ombe anatafuta mifupa, mifupa inamuua. Kimeta nacho huambukizwa kwa mifupa. Kuisaga nyumbani hakuui vimelea vyake, kwa hiyo ushauri wa jirani wa kwanza uache. Na wa pili pia: mwamba wa fosfeti wa mbolea una floridi nyingi, inaharibu meno na mifupa hiyohiyo unayotaka kuiponya.

Nenda duka la pembejeo uulize DCP (dicalcium phosphate) ya mifugo. Ina fosforasi asilimia 18 hivi, na kalsiamu pia. Changanya nusu kwa nusu na chumvi ya unga, weka mahali pasiponyeshewa, walambe wenyewe. Usichukue madini ya kuku wala ya nguruwe, na ya ng'ombe soma kwanza lebo: shaba ikiwa nyingi inamuua kondoo upesi kuliko mnyama mwingine wa bandani.

Ila DCP peke yake haitakufikisha mbali. Nyasi za kiangazi hazina protini pia, na bila protini fosforasi haileti mabadiliko unayoyatarajia. Hapa sisi watu wa ufuta na mbaazi tuna bahati. Tafuta mashudu ya ufuta kwa wakamuaji wadogo, mkono mmoja kwa kila jike kwa siku: yana protini nyingi na fosforasi zaidi ya asilimia 1. Majani na maganda ya mbaazi baada ya kupura yasichomwe, wape. Wenye mimba kubwa na wanaonyonyesha watangulie.

Ndugu yangu wa Ruangwa hajakosea kuhusu dawa. Minyoo ya utumbo mdogo inazuia fosforasi kufyonzwa, kwa hiyo wanyweshe.

MamaWaChikundi
Asante sana baba. Nina madume wanne waliohasiwa, nawanenepesha kwa pumba ya mpunga kwa ajili ya Idd. Nao niwape DCP?

MstaafuMifugo_Nachingwea
Hao hapana, watenge. Pumba safi ya mpunga ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna (ile ya mashine za kijijini yenye maganda mengi ina nafuu kidogo). Fosforasi ikizidi namna hiyo inaanza kutoka kwa mkojo, inaganda kuwa vijiwe, na dume aliyehasiwa akiwa mdogo ana njia nyembamba ya mkojo. Lengo ni kalsiamu mara mbili ya fosforasi. Punguza pumba, ongeza majani, kila mmoja apate kijiko kikubwa cha chokaa ya mifugo kwa siku, chumvi iwepo na maji yasikatike. Ukimwona anajikamua, mkojo unatoka matone au anageuka kutazama ubavu wake, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, usingoje asubuhi. Chokaa ya kupaka nyumba siyo hiyo. Sema dukani unataka ya kulisha mifugo.