Historia ya bunduki ni kazi ya mtu kweli?

Kaka_wa_Ubungo: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu yuko chuo anasoma historia, sasa kasema utafiti wake anataka aufanye kwenye bunduki, zilivyobuniwa na zilivyozunguka dunia. Nyumbani wamekuja juu, mama anasema huo ni ujambazi. Mimi sioni kosa ila sina cha kuwajibu. Kuna mtu aliifanya hii kazi akaheshimika?

mzee_wa_kaliba: Wapo mkuu. Waonyeshe Edward Ezell, Mmarekani, alifariki 1993. PhD yake ya 1969 ilihusu M14 na M16, jinsi jeshi lao lilivyohangaika kutafuta bunduki nyepesi, baadaye akawa mtunzaji wa mkusanyiko wa taifa wa silaha pale makumbusho ya Smithsonian, Washington. Na huyohuyo pamoja na mke wake wameandika historia za NASA, ya Apollo-Soyuz (safari ya pamoja ya anga ya Marekani na Usovieti) na ya utafiti wa sayari ya Mars, yaani msomi wa teknolojia kamili.

Ila mimi namheshimu kwa ajili ya Kalashnikov, yule Mrusi aliyebuni AK-47. Enzi zile Marekani walijua jina la bunduki tu, mtu mwenyewe yuko Usovieti hakuna wa kumfikia. Ezell akamwandikia barua miaka ya 70 na hakukata tamaa mpaka milango ilipofunguka, akamhoji kwenye video, halafu 1990 akamleta Marekani akakutana uso kwa uso na Eugene Stoner aliyebuni M16, wakapiga kila mmoja bunduki ya mwenzake! Stoner amefariki 1997, Kalashnikov 2013, na simulizi zao tunazo kwa sababu kuna mtu aliwauliza wakiwa hai.

Binti Nachingwea: Naunga mkono. Dogo aanze na hizi tunazoita SMG, yaani AK za huyo Kalashnikov, mbona mpaka bendera ya Msumbiji ina AK. Aangalie upande wa kulia juu ya kifyatuo, kuna kile kibati kirefu cha kubadilishia, cha Mrusi kimegongwa АВ na ОД, yaani mfululizo na moja moja, cha Mchina utakuta L na D au maandishi ya Kichina kabisa. Hapo umeshajua imetoka nchi gani, sasa ndo unauliza nani aliileta, ilishukia bandari gani, nani alilipa. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi huku kwetu Nachingwea na wazee wanaokumbuka bado wapo, awafuate sasa hivi asisubiri.

Kaka_wa_Ubungo: Asanteni sana. Lazima awe nazo mwenyewe?

mzee_wa_kaliba: Hapana! Bila kibali hiyo ni kesi, asiguse. Achukue barua ya utambulisho chuoni, aende Nyaraka za Taifa, na simu yake iwe na nafasi ya kutosha ya kurekodi wazee.