Mjadala: Njia ya baiskeli kando ya mto, ibaki changarawe au ipigwe lami?

Mleta hoja:
Wakuu, kila fedha ya kutengeneza njia ya baiskeli bondeni inapopatikana, ugomvi ni uleule. Njia haipitishi magari, upana wake mita 3, inafuata mto. Waendesha baiskeli wanaitaka, wanaotembea wanaitaka, na wenye viti vya magurudumu pia. Wengine wanadai lami, wengine changarawe.

Msimamo wangu: changarawe ibaki, lakini ijengwe, isimwagwe tu. Njia nyingi zinazolaumiwa ni kokoto za mtoni zilizotawanywa juu ya udongo. Kokoto ya mtoni imeviringika. Hata uishindilie mwezi mzima haishikani, inabingirika chini ya tairi kama gololi. Kinachofaa ni jiwe lililosagwa, lenye kingo kali, likiwa na vumbi lake. Vumbi hilo ndilo linaloyafunga mawe, na kuagiza jiwe "safi" lililochekechwa ni kosa kubwa.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, shindilia, tandika kitambaa cha ujenzi palipo na udongo wa mfinyanzi ili jiwe lisizame. Weka jiwe lililosagwa la ukubwa wa milimita 0 (yaani vumbi) hadi 40, unene wa sentimita 15. Juu yake tabaka la milimita 0 hadi 10, unene wa sentimita 5. Kwa kilomita 1 hizo ni mita za ujazo 450 na 150 baada ya kushindilia, kwa hiyo agiza robo zaidi. Kabla ya rola kupita, lowesha: ukifumba jiwe la tabaka la juu mkononi libaki donge bila kuchuruzika maji. Likiwa kavu halishikani. Likilowa kupita kiasi, rola inapandisha tope juu.

Mfano upo. Katy Trail huko Missouri, Marekani, ina takriban kilomita 386 juu ya tuta la reli ya zamani, sehemu kubwa kando ya Mto Missouri, na imetandikwa mawe ya chokaa yaliyosagwa.

LamiKwanza:
Mkuu, umeeleza vizuri njia inavyokuwa siku ya kukabidhiwa. Njoo baada ya misimu miwili ya kiangazi. Vumbi unalolisifu limepeperushwa na upepo na kurushwa na matairi, na juu yamebaki mawe yanayocheza. Kiti cha magurudumu kina magurudumu madogo mbele, nayo ndiyo yanayozama kwanza. Mtu anasukuma kwa mikono, na kila sentimita ya mchanga anailipia kwa bega lake. Mtoto mwenye baiskeli ya magurudumu madogo yuko vilevile.

Halafu changarawe inadai mkono wa mtu kila mwaka. Kujenga kuna uzinduzi na utepe wa kukata, kukarabati hakuna. Ukitaja Missouri, nami nataja Mto Danube huko Ulaya: kati ya Passau, Ujerumani, na Vienna, Austria, sehemu kubwa ya njia ya baiskeli ina lami, na ni bonde la mto vilevile.

MitaroNaKalavati:
Mnabishania ngozi wakati ugonjwa uko ndani. Bondeni mwamuzi ni maji, na mafuriko hayana tabia moja.

Maji yakipanda polepole na kutuama, yanaacha tope laini tu. Juu ya lami tope hilo linateleza kama sabuni mpaka lisafishwe; juu ya changarawe linaziba nafasi za kupitishia maji, na mvua inayofuata inakuta dimbwi. Maji yakivuka njia kutoka upande mmoja kwenda mwingine ndiyo hatari. Yanapoporomokea upande wa pili yanachimba ukingo, yanaingia chini ya lami, kisha yanainua vipande vizima. Changarawe hapo inaondoka yote, lakini angalau unaijaza tena kwa greda na malori machache. Kipande cha lami kilichoning'inia lazima kwanza kivunjwe na kubebwa. Mto ukila kingo zake wenyewe, hakuna tabaka litakalokuokoa. Sogeza njia.

Mahali pa kuvukia maji panajulikana, kwa hiyo hapo msiweke lami wala changarawe. Jengeni kivuko cha zege kilichoshushwa kidogo, chenye ukuta ulioingia ardhini upande maji yanakoangukia, na mawe makubwa chini yake.

Na mgongo wa njia! Changarawe inataka mwinamo wa asilimia 3 hadi 4, lami asilimia 2. Kwenye upana wa mita 3, asilimia 3 ni sentimita 9 upande mmoja ukiinamisha kuelekea mtoni, au sentimita 4.5 kila upande ukiweka mgongo katikati. Majani yakiota pembeni na kushika mchanga, kingo zinainuka, maji yanakosa pa kutokea, njia inageuka mfereji. Kwangu hilo ndilo linaloua njia nyingi kuliko mafuriko yenyewe, na dawa yake ni sepetu.

TairiPana:
Nusu ya malalamiko kuhusu changarawe ni tairi. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi ya milimita 40 isiyo na tyubu atumie upepo wa psi 30 hadi 36 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi). Yenye tyubu aongeze kidogo, maana tairi laini ikigonga jiwe tyubu inabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Anayekuja na milimita 28 iliyojazwa psi 85 atarukaruka tu na kuilaani njia.

LamiKwanza:
Mwambie hayo mwenye kiti cha magurudumu. Yeye hana pa kuchagua tairi pana za mbele. Njia ya umma haipimwi kwa baiskeli ya aliyeijua siku zote.

Mleta hoja:
Hoja hiyo naipokea, na nitajibu bila kuzunguka: changarawe iliyofungwa sawasawa kiti kinapita, iliyolegea hakipiti. Kwa hiyo kilomita zilizo karibu na lango la kuingilia, wanapofika wengi wasio na baiskeli, wekeni lami. Vilevile mteremko unaozidi asilimia 5, kwa sababu hapo mvua inakokota vumbi lote na breki zinachimba mawimbi kama ya bati. Na panapokatiza barabara ya magari au ya matrekta, wekeni lami angalau mita 6 kila upande, mawe yasitapakae barabarani. Kilomita zinazobaki, tambarare, changarawe inatosha. Matuta ya reli yanabahatika hapa, kwani treni hazikuweza miinuko mikali.

Shimo likitokea msijaze mawe makavu na kuondoka. Yatatoka ndani ya wiki. Kwangueni kingo mpaka kina cha shimo, lowesheni, jazeni kwa jiwe lenye vumbi, shindilieni.

TairiPana:
Hakuna aliyegusa pikipiki. Lami ndefu iliyonyooka inazialika. Ila msikimbilie kuweka nguzo ovyo: nguzo fupi iliyo katikati ya njia inavunja mbavu usiku. Ikilazimu iwe 1 au 3, kamwe si 2, kwa kuwa 2 zinawasukuma wanaokuja na wanaokwenda kwenye pengo moja la katikati. Pengo likiwa chini ya mita 1.5 baiskeli ya mizigo inaweza kukwama, wakati pikipiki bado inapenya.

MitaroNaKalavati:
LamiKwanza, jambo moja kabla hujapiga hesabu. Lori la kuondoa tope na miti iliyoanguka litapita hapo. Lami ya njia ya baiskeli juu ya sentimita 15 za jiwe itapasuka kingo siku ya kwanza. Weka msingi wa sentimita 25 na upanue tabaka la chini kwa sentimita 30 kila upande, la sivyo lori lisiingie.

LamiKwanza:
Nakubali msingi. Lakini lori hilohilo likipita kwenye changarawe iliyolowa linaacha mifereji miwili kilomita nzima, na hilo halikuhesabiwa upande wenu. Tukubaliane kwanza nani anashika greda na sepetu, na mara ngapi kwa mwaka. Mkinipa jibu lililoandikwa, sehemu tambarare nawaachia.