YULE WA DUKA LA DAWA ZA MIFUGO LEO KANITIA AIBU MBELE YA WATU, KISA JICHO LA KINYONGA WANGU

Bi Mkarafuu (mfungua uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Naandika huku mikono inanitetemeka na chai imeshapoa.

Simtaji. Nyote mnamjua. Yule mwenye koti jeupe na kalamu nne mfukoni ambazo hata moja haiandiki, anayeuza dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuitikia salamu kwa nyusi. Ndiye huyo huyo, msiniulize tena.

Nina kinyonga wangu, namwita Sheha, kama kiongozi wa shehia huku kwetu Zanzibar, maana mtaa mzima anauona bila ya kugeuza shingo. Jicho moja liko kwa jirani, jengine liko jikoni kwangu. Sasa hilo la kushoto limefumba. Ile kope yake ya mviringo imevimba, na kile kitundu cha katikati anachochungulia kimeziba kwa uchafu mweupe mkavu. Mchana kutwa kafumba, na kinyonga mzima hafumbi macho mchana. Namwekea panzi, anatupa ulimi, unapita pembeni. Anatupa tena, anapiga jani. Panzi mwenyewe keshazoea, hata hakimbii.

Basi nikamtia kwenye kikapu cha ukindu, nikapanda daladala ya Fuoni kwenda mjini. Mama mmoja alipochungulia ndani ya kikapu alishuka kabla ya kituo chake huku anasoma A'udhu. Hilo nilisamehe. Watu na kinyonga nawajua.

Nafika dukani, foleni imejaa. Wafuga kuku, mzee na mbuzi wake, vijana wa maziwa. Nikasema kwa adabu zote nilizofunzwa kwetu, "Samahani daktari, jicho limevimba." Akafunua kikapu. Akamtazama Sheha. Akanitazama mie. Akaigeukia foleni na sauti kama ya mpiga mnada:

"Jamani njooni muone! Bibi huyu kamleta mumewe kupimwa macho!"

MUMEWE.

Foleni nzima ikaanguka. Mzee wa mbuzi alicheka mpaka kamba ikamponyoka, mbuzi akapanda kaunta akala kitabu cha risiti. Na mbuzi naye, wallahi, alikuwa anacheka.

Mie ambaye mama yangu kila Ijumaa ananiuliza "lini?". Mumewe! Mbele ya vijana wa maziwa ambao watoto wa dada yangu wanasoma nao skuli moja! Kufika magharibi habari ilikuwa ishafika Bububu kuwa nimeolewa na kinyonga, na kuna walioudhika kuwa hawakualikwa.

Na jicho hakuligusa hata kwa kidole. Alichukua kichupa cha matone kilichokwisha kufunguliwa, akanitoza elfu nane, akasema, "Tone asubuhi, tone jioni, asipopona mumeo njoo nikutafutie mwengine." Mwengine!

Nataka duka lile lisusiwe. Sababu nishaitaja.

Kijana wa Kikwajuni

Pole sana dada yangu. Swali dogo tu: mahari alitoa ya rangi gani?

Mpemba wa Wete

Yakhe, sie huku tukimuona lumbwi tunabadilisha njia, we umempakata kwenye daladala? Daktari kakustahi huyo. Ningekuwa mie ningefunga duka.

Bi Mkarafuu

Sikuuliza nani anamuogopa nani. Nimesema kaniambia MUMEWE mbele ya foleni. Mnasoma au mnapitisha macho tu?

Kijana wa Kikwajuni

Tunapitisha jicho moja, jengine linatazama jikoni.

Shangazi Mtupu

Haahaaa! Mie mbuzi kala risiti ndiyo imeniua. Shoga, usimjali, yule hata mie alinambia kuku wangu wana mafua kwa sababu mie nasema sana.

Mfuga Kimya

Dada, tumuache mumeo (samahani), tuje kwenye jicho. Hayo matone usimtie mpaka ujue yana nini. Matone mengi ya macho yana steroidi ya kushusha uvimbe, na kama juu ya jicho pana kidonda, steroidi inakizuia kisipone na jicho linaweza kutoboka. Tena kichupa kishafunguliwa, hujui kimepita kwa nani.

Anza na maji. Kinyonga hanywi bakulini, analamba matone kwenye majani, ukimuekea kikombe atakauka kwa kiu na kikombe kimejaa. Chukua chupa ya kunyunyizia, maji ya uvuguvugu, urowanishe majani yake kwa muda mrefu asubuhi na jioni. Akipata maji ya kutosha utamuona mwenyewe analitoa jicho nje na kulizungusha asukume taka. Ule uchafu mkavu usiuchokoe na kijiti. Ulainishe kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale ya asilimia 0.9, usikoroge mwenyewe jikoni.

Likiwa jicho moja tu, mara nyingi ni taka imeingia, au kidonda, au maambukizi. Yakivimba yote mawili, ngozi ikawa haibanduki vizuri na ulimi umekuwa mzito kutoka, hapo fikiria upungufu wa vitamini A. Lakini usikimbilie vidonge vya watu, vitamini A ikizidi nayo ni sumu. Mlishe panzi vizuri kabla ya kuliwa: karoti, matembele, boga. Na kama unamuwashia taa ya UVB, ile yenye mionzi kama ya jua, isiwe kali wala karibu naye, inaunguza macho. Panzi anamkosa kwa sababu anapotaka kutupa ulimi anayaleta macho yote mawili mbele ili apime umbali. Kwa jicho moja anabahatisha. Kwa hivyo mshikie panzi karibu kwa kibanio, asilale na njaa.

Usaha ukizidi anataka antibiotiki ya kupimiwa kwa uzito wake, na mtu aliyesomea wanyama, sio aliyesomea kuchekesha.

Kijana wa Kikwajuni

Tumeuliza mahari, umetuletea darasa.

Bi Mkarafuu

Mfuga Kimya, Mungu akuweke. Matone nishayamwaga chooni. Maji ya chumvi nitayatafuta kesho. Lakini nawe "mumeo" umeiandika! Mabano hayafuti!

Mtetezi wa Misitu

Mie nauliza jengine. Una kibali cha kumfuga? Huyu ni mnyama wa porini. Vinyonga wamo kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyama hai wa porini. Watu mnachukulia mzaha.

Bi Mkarafuu

Nani kasafirisha nje? Nimepanda daladala ya Fuoni!

Shangazi Mtupu

Kwa daladala zile, Fuoni ni nje.

Mtetezi wa Misitu

Hujajibu suala la kibali.

Baba Nasra

Kibali cha nini, si keshaandikisha ndoa.

Mwana wa Mkoani

Enhe, tukiwa hapo hapo kwa Sheha. Afadhali wako mwenye jicho moja zima. Wa kwetu yote mawili mazima lakini akiniona nakuja na karatasi ya kugonga muhuri anaingia chumbani, mkewe anatoka anasema kaenda shamba. Viatu vyake vipo mlangoni! Nasikia anakohoa!

Baba Nasra

Wa kwetu hukuta yupo, muhuri ndio umeenda shamba.

Mpemba wa Wete

Wa kwetu ukimfuata kwa barua anakuuliza kwanza wewe mtoto wa nani, kisha babu yako nani, kisha anakwambia babu yako alichukua jembe la babu yake halijarudi. Mpaka jembe lirudi, barua hakuna.

Mwana wa Mkoani

Hahaa! Hilo jembe tunalijua sote, liko kwa ami yangu.

Bi Mkarafuu

Jamani, uzi ni wa yule bwana wa duka na neno alilonambia. Masheha fungueni wao.

Shangazi Mtupu

Shoga nawe pumzika, kapige maji majani. Mie nina la kwangu: yule wa urojo, simtaji, mnamjua, anayekaa chini ya mwembe. Siku hizi bajia anazihesabu kama dawa. Nimekuta mbili, na moja nusu yake imetafunwa na mwiko. Namuuliza, ananambia nyengine zimezama, nitafute.

Kijana wa Kikwajuni

Huyo namjua! Mie alinitilia kachori moja, nilipolalamika akanimwagia ukwaju zaidi, akasema hiyo ndiyo nyongeza.

Mtetezi wa Misitu

Kibali bado.

Baba Nasra

Urojo bila bajia za kutosha ni uji wa ngano wa manjano. Huyo na asusiwe. Nani yuko nami? Kesho alasiri tukutane pale mwembeni tumwambie usoni.

Mwana wa Mkoani

Nitakuwepo. Tukishamwambia tutakula au tutaondoka?

Baba Nasra

Tutakula kwanza.