Kura zimezidi wapiga kura kwenye kikundi chetu, barua ya vipaumbele inatakiwa Ijumaa. Ushauri wa haraka tafadhali

MtotoWaMvua
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, matusi mtayaweka baadae.

Nipo Mbeya pande za Uyole, ni katibu wa kikundi cha wakazi wa kata yetu. Sio chama cha siasa na sio vikoba. Kila mwisho wa mwaka tunakaa tunachagua kero tatu za kusukuma mwaka unaofuata, hizo ndio tunaandikia barua, tunamfuata diwani, tunazisimamia kwenye mikutano ya mtaa, zingine tunaziacha hata kama zinauma. Zamani tulikuwa tunanyoosha mikono ila ikawa mzee mmoja akinyoosha wote wananyoosha, kwahiyo mwaka huu tukaja na kura ya punje. Makopo matano ya rangi yametobolewa mfuniko, kila kopo lina karatasi ya kero yake, kila mwanachama anapewa punje tatu za mahindi, agawe anavyotaka au atumbukize zote kopo moja.

Tulikuwa watu 31. Mitaro 38, maji ya bomba 33, taka 17, vyoo vya shule 9, taa za barabarani 7. Makofi, mvua ikashuka, tukatawanyika. Nimefika home naandika muhtasari ndio najumlisha napata 104. 31 mara tatu ni 93. Nimerudia kwenye simu mara nne.

Barua inatakiwa kwa mtendaji Ijumaa kabla kamati ya maendeleo ya kata haijakaa. Turudie kura au niache ipite? Usingizi sina.

Kiazi Mviringo
Hizo punje 104 mngechanganya na maharage mkapika kande mkamaliza ugomvi

Bibi wa Kihesa
Mwanangu wizi ni wizi hata wa punje. Vijana wa siku hizi mnaanza na mahindi mnamalizia na pesa za michango. Itisheni mkutano, ombeni, aliyefanya atajitokeza mwenyewe. Nimelea watoto sita hapa Iringa hakuna hata mmoja aliyewahi kunificha kitu.

Parachichi Bichi
Mama hapo kwa watoto sita hapo 😂 haya tuendelee

Dereva wa Tunduma
Mkuu mshukuru Mungu nyie mmechagua tatu. Sisi kikundi chetu huku Makambako mwaka juzi kila mtu alikuja na kero yake hakuna aliyetaka yake ikatwe basi tukaziandika zote kumi na mbili, tukachapisha na tisheti, kero zimejaa mgongoni mpaka maandishi yanaingia kwenye suruali. Mwaka mzima tumekimbia huku na huku, tulichopata ni taa moja ya sola nayo ikafungwa mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Tisheti mimi naoshea gari.

Fundi Mafiati
Mleta mada maswali mawili tu. Punje alikuwa anagawa nani na makopo alihesabu nani?

MtotoWaMvua
Mkuu Fundi hiyo sio hoja ya msingi, hoja ni turudie au tusirudie. Muda hautoshi, watu wengine wapo shambani msimu ndio umeanza.

Fundi Mafiati
Sawa. Punje alikuwa anagawa nani?

Parachichi Bichi
Naweka kiti hapa

MtotoWaMvua
Alikuwa anagawa wife. Ni mweka hazina msaidizi, alichaguliwa, sikumuweka mimi. Kuhesabu nilihesabu mimi mbele ya watu.

Kiazi Mviringo
Baba anahesabu mama anagawa. Hicho sio kikundi mkuu hiyo ni familia

Fundi Mafiati
Na huo mtaro ulioshinda unapita wapi?

MtotoWaMvua
Unapita sehemu nyingi.

Ok unapita na nyuma ya kwangu. Nina vyumba vya kupangisha, viwili vinaingia maji kila masika. Lakini wakuu tusiangalie mtu tuangalie kero, njooni mvua ikinyesha muone watoto wa darasa la kwanza wanavyovushwa mgongoni na bodaboda kwa mia mbili kwa kichwa, juzi kiatu cha mtoto kimesombwa nimekikuta kimekwama kwenye wavu wangu wa kuku. Mtaro ungeshinda tu hata kwa mikono. Halafu barua nimeshaiandika, mwenyekiti kashasaini na muhuri upo. Nikisema turudie nianze kuomba saini upya?

Dada wa Vipaumbele
Kumbe ulishaamua, ulikuja tupige makofi. Haya tuongee kazi.

Kaka punje zilizozidi ni 11, ukiondoa zote kwenye mtaro unabaki na 27, maji 33 yanakuwa ya kwanza. Ukiziondoa kwingine mtaro unabaki juu. Ila kwa namna yoyote mtaro na maji wamo kwenye tatu bora, na taka yenye 17 ndio ya tatu mpaka uikate 8 na zaidi. Mlikubaliana tatu, tatu mnazo, mnagombania nani atangulie kwenye karatasi.

Na hilo nalo halina maana sana maana milango ni tofauti. Mtaro wa barabara za mtaani ni TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, maji ni mamlaka ya maji, taka ni halmashauri. Andika barua tatu, kila barua ina namba moja yake. Kwenye kamati ya kata peleka zote tatu. Muhimu ziwahi, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi lakini vipaumbele vya kata vinakusanywa miezi hii na madiwani wanapitisha bajeti mapema mwakani. Mkija Aprili mtaambiwa subirini mwaka mwingine.

MtotoWaMvua
Dada ushauri mzuri ila diwani kasema tulete moja ya kuanzia, nyingi zitapotea.

Bibi wa Kihesa
Wangu wa tatu na yeye ni diwani, hapokei simu.

Mlima_Loleza
Samahanini wakuu, hii CHAI. Mmekutana lini? Jumamosi? Mimi Jumamosi nilikuwa Mwanjelwa kutwa nzima nauza viazi, jua linapasua kichwa, huyu anasema mvua ikawatawanya. Pili kikundi gani cha wananchi kinakuja watu 31? Sisi tupo 40 kwenye daftari wanakuja tisa na soda tunatoa. Mtu katunga namba kakosea kujumlisha sasa anatafuta likes.

Parachichi Bichi
Chai ya rangi, tuletewe na maandazi

Dereva wa Tunduma
Acha hizo Loleza, Mwanjelwa jua Uyole mvua ndio Mbeya yenyewe hiyo. Mimi nishashuka na lori Uyole waipa zinafanya kazi nafika Mafiati vumbi.

Mlima_Loleza
Basi atuwekee picha ya daftari la mahudhurio, majina ayafunike.

MtotoWaMvua
Sina sababu ya kudanganya mtu simjui. Daftari ninalo hapa, nahesabu tena saini... 31.

Subirini.

Wapo wanne walichelewa walikuja wakati wa kutumbukiza, hawakusaini, wife anasema aliwapa punje kama wengine. 35 mara tatu ni 105, na punje moja ilidondoka chini kuku akaila, watu walicheka kabisa! 104! Wakuu nimepona, hakuna mwizi!

Fundi Mafiati
Kuku umemkumbuka leo?

Mlima_Loleza
Kuku 😂😂 chai imeongezwa tangawizi

Dada wa Vipaumbele
Hesabu inakaa kaka, nakubali. Ila katiba yenu inasemaje, anapiga kura nani, mkazi yeyote au mwanachama aliyelipa ada? Hao wanne wamelipa?

MtotoWaMvua
Inasema aliyelipa ada ya mwaka, elfu tano. Hao hawajalipa bado, ila ni wakazi na kero ni zao.

Fundi Mafiati
Ni akina nani?

Fundi Mafiati
Mleta mada upo online nakuona.

MtotoWaMvua
Ni wapangaji wangu. Lakini Fundi, linalolowa ni godoro lao, sio langu mimi.