Mrejesho: Hatimaye nimempata samaki taa

Niliuliza hapo awali kwa nini sikuwa nimempata samaki taa (ray) katika mchezo wa video wa Animal Crossing: New Horizons, ilhali nilivua baharini kila usiku. Mlinieleza kwamba katika visiwa vya kaskazini mwa dunia huonekana Agosti hadi Novemba, kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 3 usiku, nami nilikuwa nikianza kuvua saa 4, wakati ambapo hapatikani tena. Jana jioni nilifuata vivuli vikubwa tu vya samaki majini, nikaviacha vidogo vyote, na cha nne kikawa chake. Nimemkabidhi Blathers, bundi anayesimamia makumbusho ya mchezo huo, kwani Bell 3,000 (fedha za mchezoni) za kumuuza hazilingani hata kidogo na furaha ya kumtazama akiogelea. Nawashukuru sana.